Sayyid Abdalla na Zidaka za Pate

Marhumu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir hakushika brashi, lakini mimi humhesabu miongoni mwa wachoraji. Aliishi takriban baina ya 1720 na 1820, wa ukoo wa masharifu wa Shekhe Abu Bakr bin Salim wa Inat, Hadhramaut. Ndiye aliyeitia takhmisa tungo ya Liyongo. Pate iliyotajirika kwa biashara ilikuwa imeporomoka kwa vita na fitina. Kwa magofu yake akatunga Al-Inkishafi.

Katika karne ya 17, Mholanzi Pieter Claesz alichora vitu visivyo na uhai: fuvu la kichwa, saa, taa iliyozimika. Vyote vilionya kwamba dunia hupita. Sayyid naye ana taa zilizozimika, zidaka za sahani za Kichina zilizogeuka viota vya ndege, na kumbi walimohamia popo. Lakini Mholanzi alivipanga vitu vyake mezani. Sayyid hakupanga kitu. Msiba ulikuwa wa watu wake.

Nawe upungaye upepo Mama Ngina, ukirudi kwa njia ya Mji wa Kale, kitazame kidaka kitupu ukutani. Kinawaidhi. Mola amrehemu.