GEORGE FRIDERIC HANDEL, MTUNZI ALIYEPOFUKA UZEENI

Kwaya zetu nyingi hupenda kuimba Haleluya, ule wimbo mkubwa ambao watu husimama wanapousikia. Wimbo wenyewe twaufahamu, lakini mtunzi wake wengi wetu hatumjui. Tumeona vema tueleze maisha yake kwa ufupi, maana miaka yake ya mwisho ina funzo kwetu sisi wazee na kwa vijana wanaotutunza.

George Frideric Handel alizaliwa tarehe 23 Februari 1685 katika mji wa Halle, Ujerumani. Baba yake alikuwa kinyozi na mpasuaji, kazi mbili ambazo siku zile zilifanywa na mtu mmoja. Mzee huyo alitaka mwanawe asome sheria, wala hakupenda habari za muziki. Lakini kijana alikuwa na kipawa, akafundishwa kinanda na mwalimu Zachow wa mji ule. Mwaka 1703 alikwenda Hamburg, na mwaka 1706 akaenda Italia kujiendeleza. Mwishoni mwa 1710 alifika London, na baadaye akahamia huko moja kwa moja. Mwaka 1727 alipewa uraia wa Uingereza, na mwaka huo huo akatunga nyimbo za kutawazwa kwa Mfalme George wa Pili. Mmojawapo, ule wa Kuhani Sadoki, umeimbwa katika kila kutawazwa tangu hapo, hata kwa Mfalme Charles wa Tatu mwaka 2023.

Hakuishi bila mashaka. Mwaka 1737 mkono wake wa kulia ulipooza. Akaenda Aachen kwenye maji ya moto, akapata nafuu, akarudi kazini. Kisha mwaka 1741, kwa muda wa siku 24 tu, akaandika Masihi, ambamo ndimo Haleluya ilimo. Kazi hiyo ilisikika hadharani mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Fedha zilizopatikana zilisaidia hospitali mbili na kuwakomboa wafungwa 142 waliofungwa kwa sababu ya madeni. Tangu 1750, Masihi iliimbwa kila mwaka mjini London kwa faida ya nyumba ya watoto waliotupwa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Tarehe 13 Februari 1751, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 66, Handel alikuwa akiandika Jephtha, habari za Yeftha wa kitabu cha Waamuzi. Alipofika kwenye wimbo wa kwaya juu ya maamuzi ya Mungu yaliyofichika kwa wanadamu, ilimbidi aache. Aliandika pembeni mwa karatasi kwamba jicho lake la kushoto limedhoofika mno. Baada ya siku kumi aliendelea kidogo, lakini kazi aliyozoea kuimaliza kwa majuma machache ilimchukua hadi mwisho wa Agosti. Mwaka 1752 alipasuliwa jicho, akapata nuru kwa muda mfupi tu. Mwanzoni mwa 1753 magazeti ya London yalitangaza kwamba amepofuka.

Hata hivyo hakukaa kitako. Aliendelea kupiga kinanda mbele ya watu, akitegemea kumbukumbu na vidole vyake, na rafiki yake John Christopher Smith akimsaidia. Inasimuliwa kwamba ulipoimbwa wimbo wa Samsoni akilia giza lake, na mtunzi mwenyewe ameketi pale hali haoni, watu walitokwa na machozi.

Siku zile alikuwako mtu aitwaye John Taylor, mganga wa macho aliyezunguka Ulaya nzima kwa mbwembwe, akijisifu katika kila mji. Mwaka 1750 alimpasua Johann Sebastian Bach mara mbili mjini Leipzig. Bach, mtunzi mkuu aliyezaliwa mwaka mmoja na Handel, akawa kipofu, na miezi michache baadaye akafa. Mwaka 1758 Taylor alimtibu Handel naye, wala hakumsaidia kitu. Tarehe 6 Aprili 1759 Handel alihudhuria Masihi kwa mara ya mwisho. Alifariki tarehe 14, Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, akazikwa Westminster Abbey.

Je, ni ugonjwa gani uliompofusha? Waganga wanabishana hadi leo. Wapo wasemao mtoto wa jicho, na wapo watajao mishipa ya damu. Sisi hatuwezi kuamua. Lakini jambo moja ni hakika: wakati ule hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai. Kifaa cha kufanya hivyo kilitangazwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1851, karibu miaka mia baada ya kufa kwa Handel. Waganga wa Handel walikuwa wakipapasa gizani kama mgonjwa wao.

Sisi hatumo katika giza hilo. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na lenzi ndogo huwekwa mahali pake, kama alivyoanza kufanya Harold Ridley mjini London mwaka 1949. Presha ya macho hutulizwa kwa dawa, ingawa nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Na kisukari, ambacho kimezidi miongoni mwetu, kina hila yake. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mishipa huvuja, na mingine mipya iliyo dhaifu huota na kupasuka. Haya yote hutendeka bila maumivu, na mgonjwa huendelea kusoma Biblia yake vizuri. Siku aonapo ukungu, mara nyingi uharibifu umekwenda mbali. Lakini ukigunduliwa mapema, kwa leza au kwa sindano, macho mengi huokolewa.

Kwa hiyo, ndugu, mwenye kisukari asingoje macho yaume. Apimwe kila mwaka, hata kama aona vizuri, na ajitahidi kutunza sukari na presha ya damu. Hospitali kama Mvumi, KCMC na CCBRT zina idara za macho, na mganga wa karibu ataweza kukuelekeza pa kwenda. Utatiwa dawa ya kupanua mboni, nawe utaona ukungu kwa saa chache. Basi uende na mjukuu akushike mkono wakati wa kurudi. Miwani ya kununua mnadani haimwambii mtu hali ya retina yake. Tena tusitie machoni majani, wala dawa za madukani tusizoandikiwa, kwa maana akina Taylor bado wapo, na maneno yao ni matamu.

Handel alitafuta msaada kwa kila njia iliyokuwako, akakosa. Sisi msaada upo, nasi twaahirisha kwa sababu ya nauli, au kazi za shamba, au kusema kwamba uzee ndivyo ulivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho haujengeki. Kila nyumba yenye mzee wa kisukari na imwulize leo: macho yako yalipimwa lini?