Shaaban Robert na Ubunifu wa Majina: Wasifu Mfupi

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji wa Tanga, tarehe 1 Januari 1909. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni kuwa karani wa forodha. Baadaye alihamishiwa Idara ya Mifugo, Mpwapwa, na hatimaye akarejea Tanga, alikotumika katika ofisi ya wilaya na ile ya upimaji ardhi. Sehemu kubwa ya maisha yake, basi, aliitumikia dola ambayo kasoro zake alizijua kwa karibu.

Mwaka 1951 riwaya yake Kusadikika ilichapishwa. Ni kisa cha nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha sheria. Ni dhahiri kuwa jina la kubuni lilimpa karani huyu nafasi ya kusema asiyoweza kuyasema kwa kuitaja Tanganyika. Hata hivyo, kuliona jina hilo kuwa pazia tu ni kulipunja.

Ubunifu wa majina una njia zaidi ya moja. Katika masimulizi ya Wahaya, yakiwemo ya Kamachumu, jina la Mugasha ni la kurithi: alitajaye hulitaja ziwa na dhoruba zake. J.R.R. Tolkien, mwanafilolojia aliyezaliwa Bloemfontein mwaka 1892, alibuni lugha ndipo akachota majina humo. Michezo mingi ya kompyuta yenye nchi za kubuni imefuata nyayo zake. Shaaban Robert hakurithi miungu wala hakubuni lugha. Alichukua kitenzi sadiki, chenye asili ya Kiarabu, akakinyambua katika kauli ya kutendeka, kisha akakiacha katika umbo la kitenzi-jina. Kufikirika limeundwa vivyo hivyo.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, mwanafunzi wa Kamachumu, ambaye Kihaya chake kina okubona (kuona) na okuboneka (kuonekana), huutambua mnyambuliko huo hata kama shina ni geni kwake. Jina halimilikiwi na kabila wala pwani peke yake. Pili, kauli ya kutendeka katika jina hili haisemi kwamba jambo limetendwa. Yasema kwamba laweza kutendwa. Kwa hiyo jina Kusadikika halikani kuwapo kwa nchi hiyo, bali lamwachia msomaji uamuzi wa kuisadiki.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, miezi sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kufikirika, aliyoiandika mwaka 1946, ilichapishwa mwaka 1967. Wasomaji wake wa kwanza walikuwa raia wa dola yao wenyewe, na swali lililomo ndani ya kitenzi hicho sasa liliwaelekea wao.