Beryl Markham, rubani wa Njoro aliyezimikiwa na injini akivuka Atlantiki

RUBANI wa ndege ndogo anayepaa kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret hujua mapema kuwa injini yake inahitaji hewa sawa na inavyohitaji petroli. Uwanja huo, uliofunguliwa mwaka wa 1997, uko takriban mita 2,150 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Rubani asipopunguza petroli inayochanganyika nayo, injini hutetemeka na kukohoa, plagi hushika masizi na nguvu hupungua wakati anapozihitaji zaidi.

Somo hilo ni kongwe katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Aliyelipata kwa gharama kubwa kuliko wengi ni Beryl Markham, mwanamke aliyelelewa Njoro na ambaye injini yake ilimzimikia mbali kabisa na nyumbani.

Alizaliwa Uingereza mnamo Oktoba 26, 1902, na kuletwa Kenya akiwa na umri wa miaka minne hivi. Mama yake hakukaa. Alirudi Uingereza na kumwacha binti huyo kwa baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji na mkufunzi wa farasi wa mashindano. Beryl alikua pamoja na watoto wa jamii ambazo leo huitwa Wakalenjin, akijifunza kuwinda kwa mkuki na kuzungumza lugha zao pamoja na Kiswahili. Mmoja wa wenzake wa utotoni, Kibii, aliyekuja kuitwa arap Ruta, alifanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza kwenye mazizi ya farasi kisha kwenye ndege. Wanaoandika sifa za Beryl humtaja arap Ruta kwa mstari mmoja tu, ilhali mchango wake ulistahili zaidi ya hapo.

Ukame ulipomfilisi baba yake, mzee huyo alihamia Peru. Beryl alibaki na, akiwa bado kijana mbichi, akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya ukufunzi wa farasi. Mwaka wa 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mbio za St Leger jijini Nairobi.

Mwaka wa 1931 aliacha farasi kwa muda na kujifunza urubani kwa Tom Campbell Black, rubani mkuu wa shirika la Wilson Airways. Leseni ya biashara aliyoipata baadaye haikutolewa kwa anayejua kushika usukani tu. Ilimpasa mwombaji kuijua injini: kuifungua, kusafisha vichujio na matundu ya kabureta, kubadilisha plagi na kurekebisha magneto.

Utaratibu wa kutafuta hitilafu haujabadilika sana tangu wakati huo. Injini ikikwaruza, rubani hujiuliza mambo matatu: je, ni petroli, ni cheche au ni hewa? Ndege nyingi ndogo zina magneto mbili, kila moja ikipeleka cheche kwenye plagi zake. Huzima moja, kisha nyingine. Injini ikididimia mno upande mmoja, kosa limejulikana. Cheche zikiwa sawa, hutazama petroli: pengine imeingia maji, au kichujio kimeziba. Kisha kuna barafu ndani ya kabureta, ambayo huweza kutokea hata siku isiyo na baridi kali, mradi hewa iwe na unyevu mwingi. Wageni wa kazi hii huliona jambo hilo kuwa mzaha hadi liwafike.

Beryl alisafirisha abiria, barua na dawa, na kuwatafutia wawindaji matajiri makundi ya tembo kutoka angani, kazi ambayo leo isingemletea sifa. Mara nyingi chini yake palikuwa na pori tupu lisilo na mahali pa kutua, na hakuwa na redio.

Septemba 4, 1936, jioni, alipaa kutoka Abingdon, Uingereza, akielekea New York. Ndege yake, Percival Vega Gull yenye injini moja ya silinda sita, ilikuwa mali ya mlowezi John Carberry na ilisajiliwa Kenya. Matangi ya ziada yalijazwa ndani ya chumba chake, na aliagizwa kuacha kila tangi likauke kabisa kabla ya kufungua jingine. Kwa simulizi yake mwenyewe, tangi la kwanza lilipokauka usiku, injini ilinyamaza kabisa, ndege ikaporomoka gizani, na moto ukarudi maji yakiwa chini yake umbali wa mita mia moja hivi.

Asubuhi, akiwa ametumia tangi la mwisho kwa muda, injini ilianza kutetemeka. Ilizimika, ikawaka, ikazimika tena. Alifungua na kufunga vali za petroli hadi mikono ikatoka damu, akidhani hewa imenaswa kwenye bomba. Petroli ilikuwamo. Ilielezwa baadaye kuwa barafu ilikuwa imeziba tundu la kupumulia la tangi. Muuza mafuta yeyote anaijua siri hiyo: debe lililotobolewa tundu moja halimimini vizuri mpaka litobolewe la pili la kuingiza hewa.

Rubani hawezi kutoka nje na kuzibua tundu. Alichoweza ni kuivuta ndege hadi ufukweni, na Septemba 5, baada ya saa 21 na dakika 25, akaitua kwenye kinamasi huko Baleine, Nova Scotia, Kanada. Pua ya ndege ilizama matopeni na yeye akajeruhiwa kichwani. Hakufika New York kwa ndege hiyo, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi bila kutua.

Furaha haikudumu. Septemba 19 mwaka huohuo, mwalimu wake Campbell Black aliuawa uwanjani Liverpool, ndege nyingine ilipoigonga yake ikiwa bado ardhini.

Kitabu chake, West with the Night, kilitoka mwaka wa 1942 na kusahaulika. Wapo waliodai kuwa mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Beryl alirejea Kenya, akarudia farasi na kushinda Kenya Derby mara kadhaa. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka wa 1983 alikuwa mzee mwenye kipato kidogo, akiishi karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong.

Alifariki Nairobi mnamo Agosti 3, 1986, mwezi mmoja kabla ya safari yake kutimiza miaka 50.