Masinde Muliro: Mbunifu aliyetazama mbali

HENRY Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 huko Matili, Kimilili, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Bungoma. Baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Cape Town, alirejea kufundisha, kisha akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka wa 1957.

Walowezi walipouza mashamba yao ya Trans Nzoia, mkulima wa kawaida hakumudu bei. Muliro aliwahimiza watu wachange fedha, wawe wenye hisa na kununua kwa pamoja. Mbinu hiyo ilikuwa ngeni kwa wengi, ila ilitumikia lengo la muda mrefu: familia zisizo na ardhi zipate makao na riziki ya kudumu. Mashamba mengi ya aina hiyo karibu na Kitale yaligawanywa baadaye. Hisa zilikuwa daraja tu, ardhi ndiyo iliyokuwa ng'ambo.

Muliro alifariki Agosti 1992. Kampuni na vyama vya ushirika vinavyokimbilia kila jambo jipya vina somo kwake: ubunifu usiojua uendako ni gharama tupu.