Padre Robert Hugh Benson: Mtoto wa Askofu Mkuu Aliyehubiri kwa Riwaya

Januari 2015, akiwa ndani ya ndege akirudi Roma kutoka Ufilipino, Papa Fransisko aliwashauri waandishi wa habari wasome riwaya ya mwaka 1907 iitwayo Lord of the World, yaani Bwana wa Ulimwengu. Humo Mpinga Kristo anautwaa ulimwengu kwa ahadi ya amani, na watu wanamshangilia. Mwandishi wake alikuwa padre mwenye miaka mitatu tu ya upadre.

Robert Hugh Benson alizaliwa Uingereza tarehe 18 Novemba 1871, kitinda mimba wa watoto sita. Baba yake, Edward White Benson, baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury, kiongozi wa juu wa Kanisa la Anglikana. Hugh alisoma Eton, kisha Cambridge, ambako aligeukia teolojia. Mwaka 1895 baba yake mwenyewe akamwekea mikono na kumpa daraja ya upadre wa Kianglikana. Mwaka uliofuata baba akafariki ghafla, akiwa kanisani kwenye ibada.

Mwaka 1898 Hugh alijiunga na shirika la kitawa la Kianglikana huko Mirfield. (Ndilo shirika lililomtoa Trevor Huddleston, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana wa Masasi.) Alipendwa huko, na hakuondoka kwa ugomvi. Alisumbuliwa na swali moja la darasani ambalo halikukubali kubaki darasani: nani ana mamlaka ya kufundisha kwa jina la Kristo?

Hapa ndipo tunapomheshimu mama yake, Mary. Mwanawe alirudi nyumbani mwaka 1903 akiwa karibu kuliacha Kanisa ambalo marehemu mumewe aliliongoza. Alimwomba kwanza awasikilize Waanglikana wenye hekima. Hugh alitii, akawasikiliza, lakini hakubadili nia. Mama hakumfukuza. Kijana alikaa kwake miezi hiyo akiandika riwaya aliyoipa jina la swali lake, By What Authority?. Septemba 11 akapokelewa katika Kanisa Katoliki, na magazeti yakapata la kuandika: mtoto wa Askofu Mkuu ameenda Roma!

Mwaka 1904 akapadirishwa huko Roma. Waseminari wetu wanaohesabu miaka ya falsafa na teolojia wasimwonee wivu. Alikuwa ameshasoma na kuhudumu miaka mingi.

Katika mazungumzo alikuwa na kigugumizi, lakini mimbarini kilimwachia, na watu walijaa kumsikiliza Uingereza na Marekani. Kati ya mahubiri na mahubiri aliandika, wakati mwingine riwaya zaidi ya moja kwa mwaka. Tuseme kweli: aliandika mno, na baadhi ya vitabu vyake vina haraka ya mtu anayewahi treni. Lakini Come Rack! Come Rope! ya mwaka 1912 ni kitu kingine. Ni habari za mapadre waliowindwa enzi za Malkia Elizabeth I, na ndani yake baba aliyeiacha imani ya zamani anakuja kuwa hakimu anayemkamata mwanawe mwenyewe, padre. Ni vigumu kuisoma bila kukumbuka nyumba aliyotoka mwandishi. Na baba huyo hakumchora kama shetani. Alimchora kama mtu aliyechoka kulipa faini, na mwishoni akamfungulia mlango wa toba.

Mwaka 1911 Papa Pio X alimpa heshima ya umonsinyori. Miaka mitatu baadaye, akiwa Salford kuhubiri, aliugua nimonia. Alifariki tarehe 19 Oktoba 1914 akiwa na miaka 42, kaka yake Arthur, aliyebaki Mwanglikana, akiwa kando ya kitanda. Arthur alimwandikia kitabu cha kumbukumbu mwaka uliofuata. Alizikwa kwenye uwanja wa nyumba yake, Hare Street. Mama yake aliishi hadi mwaka 1918, naye hakuacha Uanglikana wake.