Zoltán Kodály na Nyimbo za Wakulima

Zoltán Kodály alizaliwa mwaka 1882 mjini Kecskemét, nchini Hungaria. Baba yake alikuwa mtumishi wa reli, mtu wa kuhamishwa kutoka stesheni moja hadi nyingine. Kwa sababu hiyo Kodály aliishi miaka saba ya utoto wake Galánta, mji mdogo ambao leo umo Slovakia. Huko alisoma pamoja na watoto wa wakulima, akaisikiliza bendi ya Waroma iliyosifika katika sehemu zile.

Alipokwenda Budapest kusoma, aliona jambo lililomsumbua. Wasomi wa mjini waliufahamu barabara muziki wa Kijerumani, lakini wimbo wa mkulima wa nchi yao waliuona ushamba mtupu. Mwaka 1905 alifunga safari ya vijijini kukusanya nyimbo, na mwaka uliofuata akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wake juu ya muundo wa beti zake. Yeye na rafiki yake Béla Bartók walinasa sauti za wanakijiji kwa mashine yenye mitungi ya nta. Kitabu chao cha kwanza cha nyimbo hizo, kilichotoka mwaka 1906, kilipata wanunuzi wachache mno.

Hakukata tamaa. Katika mchezo wake wa kuimbwa, Háry János, wa mwaka 1926, mhusika mkuu ni askari mzee wa kijijini mwenye kutia chumvi katika visa vyake. Humo Kodály aliingiza simbalomu, ala ya nyuzi zigongwazo kwa vijiti viwili, ambayo watu wa Hungaria waliizoea katika bendi za Waroma. Ala ya vilabuni ikaketi kando ya fidla na tarumbeta za okestra! Mwaka 1933 chama cha okestra ya Budapest kilipotimiza miaka 80, aliwatungia Ngoma za Galánta, na wapigaji mahiri wa mjini wakacheza midundo ya utoto wake.

Lakini okestra itasikilizwa na nani, ikiwa mtoto hajui wimbo wa kwao? Swali hili lilimkaa moyoni tangu mwaka 1925, aliposikia wasichana wa shule wakiimba nyimbo duni. Tangu hapo aliwatungia watoto kwa wingi, na kwa maoni yangu kazi hii haipungui thamani mbele ya zile za okestra. Alishikilia kwamba sauti ya mtoto itangulie ala yoyote, na wimbo wa lugha ya mama utangulie wa kigeni. Katika kufundisha kusoma noti hakuona haya kuazima kutoka Uingereza ule utaratibu wa do-re-mi na ishara za mkono. Walimu wetu wa kwaya wanaujua.

Mwaka 1950 ilifunguliwa Kecskemét, mji aliozaliwa, shule ya msingi ambamo watoto waliimba kila siku. Kodály alifariki Budapest mwaka 1967, na wakati huo shule za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuenea katika Hungaria.