Celsius na maji ya Bujumbura

Nikiwa mwanafunzi ukimbizini Tanzania, nilikariri kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100. Niliporudi kufundisha Bujumbura, maji yalitokota na kipimajoto kikasimama kwenye 97. Wanafunzi wakasema ni kibovu. Nikawasimulia habari za Anders Celsius.

Alizaliwa Uppsala, Sweden, mwaka 1701, akawa profesa wa elimu ya nyota mwaka 1730. Mwaka 1742 alitangaza kipimo chake: 0 maji yakichemka, 100 barafu ikiyeyuka. Kiligeuzwa baadaye, kikawa hiki tunachokitumia.

Celsius alionyesha kuwa barafu huyeyuka kwa joto lile lile kaskazini na kusini, lakini kuchemka hufuata kanieneo ya hewa. Usawa wa bahari, alkoholi huchemka kwa nyuzi 78, maji 100, zebaki 357. Mji wetu uko zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Hewa inayoyakandamiza maji imepungua, nayo huwahi kuchemka.

Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1744, akiwa na miaka 42, mdogo kuliko mimi. Ndugu msomaji, kipimajoto chetu kilikuwa kizima. Wanafunzi wangu sasa huandika 97 waliyoiona, si 100 niliyokariri mimi.